Sindano ya Alhamisi

Nimekaa nyuma ya kaunta ya dawa miaka kumi na tisa na bado watu wananiita Daktari. Zamani nilikuwa nawasahihisha: mimi ni mfamasia, daktari yuko kule hospitalini. Nimechoka. Siku hizi naitika tu, maana mtu akiwa na maumivu hana haja ya somo.

Kocha hakuniita Daktari. Aliniita dada tangu siku ya kwanza, alipoingia na cheti alichokikunja mara nne ndani ya kiganja. Kilikuwa cheti halali, cha sindano ya kupunguza uzito, ile inayochomwa mara moja kwa wiki. Nilimweleza yote ninayomweleza kila anayeanza: tutaanza na kipimo kidogo, kichefuchefu kitakuja, kula kidogo kidogo, kunywa maji hata kama huna kiu, na usimgawie mtu dawa yako hata akupigie magoti. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama ningeweza kumhifadhia sindano zake kwenye friji ya dukani.

"Kwako huna friji?"

"Ninayo. Mume wangu ni fundi wa mafriji."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kumbe mumewe, kila akirudi kazini, hufungua friji ya nyumbani kabla hata ya kuvua viatu. Anapapasa mpira wa mlango, anasikiliza mota, anapanga chupa upya. Hakuna kitu kingekaa mle siku mbili bila yeye kukitakia maelezo.

Jina la Kocha alipewa na wanawake wa mtaani kwao. Kila alfajiri aliwaongoza watu thelathini kutembea kutoka shuleni hadi kwenye matangi ya maji na kurudi. Alitembea hivyo miaka miwili, mvua na jua, akapungua kilo tatu. Tatu tu. Ndipo akaja kwangu, na baada ya miezi saba zikawa zimeondoka kilo ishirini na mbili. Mtaa mzima ukasema ni ile miguu. Mumewe alibeba picha yake ya zamani kwenye simu na kuwaonyesha wateja: tazameni, bila dawa, bila chochote, ni bidii tu.

"Wakijua watasema niliwadanganya," aliniambia. "Na yeye atakuwa wa kwanza. Anasema wanaojichoma wananunua mwili wa dukani."

Niliona ni upuuzi, na nikamwambia hivyo. Dawa haimwamshi mtu saa kumi na moja alfajiri ikamfunga kamba za viatu. Hata hivyo siri ya mgonjwa ni mali ya mgonjwa. Nilimwahidi. Kila Alhamisi saa sita mchana aliingia kwa mlango wa nyuma, akaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya maboksi ya dripu, akajichoma mwenyewe huku nikimtazama, akaondoka kama mtu aliyekuja kuomba maji.

Alhamisi moja alikwisha kujichoma, yuko mlangoni, mkono kwenye kitasa, ndipo akageuka.

"Dada, hapa chini ya mbavu, upande wa kulia, pananiuma tangu juzi. Mpaka begani."

"Ungeanza na hilo, wewe," nikamwambia kwa ukali. Watu wana tabia hiyo: jambo dogo wanalileta mezani, kubwa wanaliachia mlangoni. Anayepungua haraka anaweza kuota mawe kwenye nyongo, nilishamweleza. Nilimtuma hospitali saa ileile. "Na umwambie daktari kwamba unachoma sindano. Usikie?"

Akaitikia kwa kichwa. Nami nikakiamini kile kichwa. Hapo ndipo kosa langu lilipo na sitalizungusha: nilipaswa kuandika barua, niifunge, nimkabidhi. Sikuandika kwa sababu nilijua mumewe angeifungua.

Jumatatu iliyofuata, saa tatu na dakika tano asubuhi, aliingia dukani mwanamke mwenye futi ya kupimia nguo shingoni, amesahau kuivua. Nilimfahamu kwa sura. Ni wifi yake Kocha, dada wa mumewe, mshonaji. Alitaka soksi ndefu za kubana miguu, zile wanazovishwa wagonjwa wa upasuaji ili damu isigande.

"Za nani?" niliuliza, nikivuta droo.

"Za wifi yangu. Nyongo imejaa mawe, wanaitoa leo. Anaingia saa nne. Hospitalini soksi za saizi yake zimekwisha." Akatabasamu kwa fahari. "Na saizi yake siku hizi ni ya wembamba, Daktari. Gauni moja nimelipunguza mara tatu."

Nilisimama na soksi mkononi.

"Walimuuliza dawa anazotumia?"

"Waliuliza. Kaka ndiye aliyejaza fomu. Akawaambia huyu hata panadol hagusi."

"Na mwenyewe akasema nini?"

"Aseme nini tena? Mumewe alishajibu."

Nililiona tukio lile kana kwamba nilikuwepo. Fomu iko juu ya goti la mume, kwa sababu kwetu mgonjwa akishalala kitandani hupokonywa hata jina lake, na jamaa ndio wanaojibu. Nesi anasoma swali, mume anajibu kwa sauti ya kujivuna, mke anatazama dari.

Sasa, hatari yenyewe ni hii. Sindano ile hulifanya tumbo lifanye kazi polepole. Chakula ambacho kwangu mimi kingeshuka kwa saa chache, kwake kinaweza kulala tumboni mchana kutwa, usiku kucha, na asubuhi bado kipo. Akichomwa dawa ya usingizi, koo linalegea, chakula kinapanda na kuingia kwenye mapafu. Mgonjwa hauawi na kisu. Anazama, amelala, hawezi hata kukohoa.

Nilipiga simu ya hospitali. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Nilikuwa na wateja wanne kwenye foleni, na wifi mtu alikuwa ananitazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Nikapiga simu ya Kocha. Ikapokewa na sauti ya kiume.

"Halo. Mwenye simu anabadilishwa nguo. Mimi mumewe. Nani mwenzangu?"

Maneno yalifika mdomoni, nikayameza.

"Wa duka la dawa. Soksi zimepatikana."

"Basi fanyeni ziwahi, dada. Aliyekuwa mbele yake presha imepanda, wamemtanguliza huyu wangu. Anaingia sasa hivi."

Nilitoka nyuma ya kaunta. Sheria iko wazi: mfamasia akitoka, duka linafungwa. Niliwaambia wale wanne watoke. Mzee mmoja wa dawa za presha alitaka kuanza hotuba, nikamwambia, "Baba yangu, nisamehe, nikirudi utanitukana vizuri," nikashusha komeo.

"Soksi nipe mimi," alisema wifi mtu, akinifuata mbiombio. "Nimetumwa mimi."

"Twende wote."

"Kulikoni, Daktari?"

"Saizi," nikasema. "Lazima nione zinavyomkaa." Uongo wa ovyo, lakini ndio uliokuwa karibu.

Hospitali iko mitaa miwili kutoka dukani, na chumba cha upasuaji kiko ghorofa ya tatu. Lifti ilikuwa imebeba vitanda. Nilipanda ngazi kwa magoti yangu haya ya miaka hamsini na nne, na njiani nikajiwekea mpaka. Nikikuta hakuna wa kunisikiliza, nitasema mbele ya kila mtu, mumewe, wifi, mlinzi, yeyote. Ahadi nilimpa mtu aliye hai, na siri haimfai maiti. Lakini kama ipo njia nyembamba ya kupita bila kumwanika, nitaipita.

Mlangoni pa chumba cha upasuaji kuna mstari mwekundu sakafuni. Jamaa hawauvuki. Mumewe alikuwa amesimama vidole vya miguu juu ya mstari wenyewe, mtu mrefu, mikono mikubwa yenye makovu ya kuungua, nguo za mkewe kazikumbatia kifuani.

"Ameshaingia," alisema. "Dakika tano zilizopita."

Nilibonyeza kengele. Nesi akachungulia, barakoa shingoni.

"Soksi za mgonjwa," nikasema. "Na ninamwomba daktari wa usingizi."

"Yuko mezani. Leta soksi."

"Ninamhitaji yeye. Mimi ni mfamasia wake huyu mgonjwa."

"Mama, watu wako kazini humu ndani. Kama ni jambo, liseme."

Mume alinisogelea upande huu, wifi upande ule. Niliwasikia wanavyopumua. Huwezi kumwaga mchele penye kuku wengi. Nilikuwa na bahasha za dawa kwenye mfuko wa koti, zile ndogo za karatasi tunazoandika moja mara tatu. Nikachukua moja, nikaiegemeza ukutani, nikaandika nyuma yake: Mgonjwa anachoma sindano ya kupunguza uzito kila wiki. Ya mwisho Alhamisi. Jamaa hawajui. Usimlaze kabla ya kuangalia tumbo. Niko mlangoni.

Nikaitumbukiza ndani ya soksi. Nikamshika nesi kiganja, kitu ambacho hakifanywi.

"Humu kuna karatasi. Isiende kwa mgonjwa. Mpe daktari wa usingizi mkononi, sasa hivi, kabla hajasukuma dawa. Asipoisoma, utalikumbuka jina la duka langu maisha yako yote."

Alinitazama. Sijui aliona nini. Alifunga mlango, na nikasikia kandambili zake zikienda haraka, si mwendo wa kawaida.

"Umeandika nini pale?" mume aliuliza.

"Maelekezo ya soksi."

"Soksi zina maelekezo?"

"Kila kitu kina maelekezo, shemeji. Hata friji."

Hakucheka. Tulisubiri. Juu ya mlango kulikuwa na saa ya ukutani, na mimi niliitazama mpaka nikauchukia ule mshale mwembamba. Dakika mbili. Nne. Nilihesabu chakula: kama alikula mara ya mwisho jana mchana, kama alikula wali, kama alikula nyama. Wifi mtu alikuwa ameivua futi shingoni na kuizungusha kidoleni. Dakika sita. Niliwaza labda nesi ameiweka bahasha juu ya meza, akaitwa kwingine. Dakika ya saba niliinua mkono kuupiga ule mlango kwa ngumi, na ukafunguka.

Mwanamume mfupi mwenye kofia ya kijani alitokeza, bahasha yangu mkononi.

"Mwenye hii?"

"Mimi."

"Njoo."

Nikauvuka mstari mwekundu. Mlango ulipofungwa nyuma yetu, aliegemea ukuta.

"Dawa nilikuwa nimeshaivuta kwenye bomba," alisema. "Nimeweka mashine ya picha juu ya tumbo lake baada ya kukusoma. Mtu huyu hajala tangu jana saa saba mchana, nesi wa wodi ana ushahidi. Na tumbo limejaa, dada. Vipande vizima." Alifuta uso kwa mkono wa nguo. "Ningemlaza mimi. Kwa mikono yangu."

Kocha alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, shuka mpaka kidevuni, soksi mpya moja mguuni, nyingine bado. Aliniona, macho yakajaa.

"Uliniahidi, dada."

"Nimemwambia mmoja tu. Yule aliyetaka kukuzima pumzi."

"Walio nje?"

"Hawajui kitu. Sema mwenyewe. Leo, Kocha. Ungekufa na tai shingoni, na mumeo angekuzika akisema hata panadol hukugusa."

Alimshika daktari wa usingizi kwenye mkono, akamwomba asiandike habari ya sindano kwenye faili, kwa kuwa faili wanakaa nalo nyumbani na mumewe hulisoma kama gazeti. Niliona daktari anasita, kisha akaandika mstari mmoja: tumbo halikuwa tupu, upasuaji umeahirishwa, upasuaji si wa dharura. Sikuupenda mstari ule. Wakati huo nilikuwa sina nguvu ya kugombana na watu wawili.

Walimsukuma nje. Mumewe alisoma faili palepale, amesimama, midomo inacheza. Alisoma mara mbili.

"Halikuwa tupu?" Akamgeukia mkewe. "Ulikula?"

Korido nzima ilikuwa na watu. Kulikuwa na jamaa wa wagonjwa wengine, msukuma vitanda, mama mfagiaji. Wote walitazama kitanda.

"Nakuuliza, mama watoto. Wamekukataza kula tangu jana. Nimeacha kazi, dada yangu ameacha cherehani. Ulikula?"

Nilimtazama Kocha. Niliomba kwa moyo wangu wote aseme. Mwanamke huyu alikuwa ameitwa mlafi tangu utotoni, aliniambia mwenyewe kwenye kile kiti cha plastiki. Shangazi zake walikuwa wakihesabu vijiko vyake mbele ya wageni. Na sasa ukweli ulikuwa upande wake. Alikuwa hajala punje.

"Nilikula," alisema. "Nilishindwa kuvumilia."

Mume alifumba macho. Msukuma vitanda aliguna kidogo, kicheko alichokimeza. Mimi nilishika ukuta. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuwasha mtaa, hasira naye, na mumewe, na yule mmeza kicheko, na mimi mwenyewe. Maneno yangu mawili yangemsafisha. Hayakuwa yangu. Niliteremka ghorofa zile tatu, nikafungua duka, nikamhudumia mzee wa presha, naye akanitukana vizuri kama nilivyomwahidi.

Kocha alilazwa siku tatu, akitibiwa kwa dawa za mshipa mpaka uvimbe utulie. Upasuaji ukapangwa upya, Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Jumatano wifi mtu alikuja dukani. Alisubiri mpaka foleni ikaisha.

"Hakula," alisema.

Niliifunga droo ya soksi.

"Usiku ule nililala naye wodini, kiti kimegusa kitanda. Aliushika mkono wangu mpaka asubuhi, kwa woga. Hata maji hakunywa. Na kaka alipomuuliza mbele za watu, mimi nilikuwepo na nilijua, na sikufungua mdomo." Akavuta pua. "Sijui kwa nini. Labda nilitaka kusikia atajibu nini."

"Mimi si wa kuulizwa, dada."

"Sikuulizi. Nakueleza tu. Miezi saba nimempima kiuno kwa futi hii. Njia ya kutembea ni ileile ya miaka yote, kiuno ndicho kilichobadilika. Mimi si mjinga, Daktari." Aliikunja futi, akaikunjua. "Nikimuuliza atanichukia?"

Kazi yangu ina mipaka, na siku ile niliihisi mwilini kama nguo iliyobana. Nilipanga maboksi ambayo yalikwisha kupangwa.

"Siku ya upasuaji watakuja tena na ile fomu," nikasema mwishowe. "Atajaza nani?"

"Kaka. Si ndiye hujaza?"

"Kwa nini? Mgonjwa ana mikono miwili."

Hakununua kitu. Alisema asante, akaondoka.

Alhamisi Kocha alikuja kwa mlango wa nyuma. Akaketi. Sikufungua friji.

"Leo hakuna sindano, wala wiki ijayo, mpaka upone," nikamwambia. "Siku nzima kabla ya upasuaji unakunywa tu, hutafuni. Na yule daktari wa usingizi hayuko Ijumaa, nimeulizia. Atakuwa mwingine, atakayeambiwa kwamba uliwahi kula kwa siri. Mficha uchi hazai, Kocha. Mimi nimepanda ngazi zile mara moja. Safari hii sipandi."

"Utaniacha?"

"Nitakuwa hapa. Simu yangu iko wazi. Lakini atakayesema ni wewe."

Alilia kidogo, si kwa sauti. Kisha alinisaidia kubeba boksi la dripu lililokuwa njiani, nikamzuia, nikamkumbusha mbavu zake, tukagombana juu ya boksi. Aliondoka bila kuniahidi chochote.

Ijumaa ile nilifungua duka mapema na simu nikaiweka juu ya kaunta, karibu na mkono. Saa mbili ikapita. Saa tatu kasoro robo nilimpa mama mmoja dawa ya kikohozi ya mtoto na kumwelekeza mara mbili mambo yaleyale. Upasuaji ulikuwa saa tatu na nusu. Nilishaanza kuangalia komeo la mlango, maana nilijijua: ningepanda.

Simu iliita saa tatu kasoro dakika kumi.

"Dada." Ilikuwa sauti yake, ya chini, karibu sana na simu. "Fomu ninayo mimi. Wifi ameichukua kwa kaka yake, akajaza jina na umri, akafika penye dawa, akaniwekea kalamu mkononi. Akasema, hapa mimi sipajui." Akapumua. "Niandike kipimo kipi, cha mwanzo au hiki cha mwisho?"

Nilishika kaunta kwa mikono yote miwili.

"Cha mwisho. Na tarehe uliyochoma mara ya mwisho. Andika na siku ambazo hukuchoma."

Nilimsikia akiandika, karatasi juu ya kitu kigumu. Nyuma yake ikaja sauti ya kiume, ya mtu anayesogea karibu.

"Unaandika nini hapo, mama watoto? Hapo si tunaweka hapana?"

Karatasi ilinyamaza. Mama wa kikohozi alikuwa bado amesimama mbele yangu na kijiko cha kupimia mkononi.

"Dawa yangu," Kocha alisema, na akaendelea kuandika.